Klabu ilianza na wanafunzi 60, leo wako tisa: nifanyeje?

*"Mimi ni mwalimu wa baiolojia na mlezi wa klabu ya mazingira kwenye sekondari ya kata, Wilaya ya Chamwino, Dodoma. Mwaka jana tulianza na wanafunzi 60. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti tulipanda miche 400. Iliyobaki ni 11. Tulipanga safari ya Ruaha, hela haikutimia. Tunakutana Ijumaa saa nane mchana, nawapeleka porini nyuma ya shule, lakini hakuna wanyama wa kuona. Sasa wamebaki tisa, na watatu kati yao ni wale wale ninaowanyang'anya manati. Wazazi wanasema wanyama ni wa watalii, wao wanachokijua ni tembo wanaomaliza mtama. Niifute klabu? Au kuna mradi wa wanyamapori ambao shule isiyo na fedha inaweza kuufanya? Halafu kuna kobe mmoja aliletwa na mwanafunzi, tumemweka bandani. Niliwaza awe mwanzo wa bustani ya wanyama ya shule. Ni sawa?"*

Usiifute, Mwalimu. Hofu yako, nikiisoma vizuri, haiko kwenye idadi. Unaogopa kwamba vijana wa leo hawana tena habari na pori, na kwamba bila basi, darubini na kiingilio cha hifadhi huna cha kuwaonyesha. Lakini barua yako yenyewe inakupinga. Vijana 60 waliandikisha majina bila kuchapwa wala kupewa alama. Waliondoka kwa sababu ya walichokikuta: kazi ya kubeba ndoo, matembezi ya jua kali yasiyo na kitu, na safari iliyoahidiwa ikayeyuka. Yote matatu yanarekebishika, na mawili hayahitaji hata shilingi.

Tuanze na hiyo saa nane mchana. Kwa Dodoma hakuna saa mbaya kuliko hiyo. Ndege wamejibanza kivulini midomo wazi, digidigi amelala chini ya kichaka, nguchiro yuko shimoni, na anayetembea ni mjusi peke yake. Ukimpeleka mtu sokoni usiku wa manane akakuta meza tupu, hatakuamini ukimwambia hapo huuzwa nyanya. Ndege wa huku huchangamka kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi kama saa mbili na nusu asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza linapoingia. Wanyama wadogo wengi wanaoishi jirani na shule, kama kanu, fungo, nungunungu na bweha, hutembea usiku. Hamwezi kuwaona, ila mnaweza kusoma nyayo zao asubuhi kabla upepo haujazifuta. Hamishieni mikutano Jumamosi saa moja asubuhi. Usipobadilisha saa, mengine yote nitakayokuandikia hayatakusaidia.

Lakini kabla ya kutangaza saa mpya, waulize wasichana. Jumamosi asubuhi wengi wao wana zamu ya maji na usafi nyumbani, na wakikosa mara mbili hawarudi, halafu mlezi atasema wasichana hawapendi porini. Wapange zamu ya jioni ya Jumatano, saa kumi na moja. Hesabu ya jioni ina thamani sawa na ya asubuhi, mradi iandikwe kuwa ni ya jioni na isichanganywe na nyingine.

Sasa miche. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa wenzetu wa Kagera huo ni wakati mzuri. Dodoma mvua huanza Desemba na mwezi huo wa Aprili ndio zinaaga. Mche wako ulipata wiki mbili au tatu za unyevu, ukabaki na miezi saba ya ukame ukiwa na mzizi wa kiganja kimoja. Wanaopanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, wao hata hizo wiki mbili hawapati. Piga hesabu ya kumwagilia: miche 400, lita tano kila mmoja, mara mbili kwa wiki, ni lita 4,000, yaani madumu 200 ya lita 20 kila wiki, kwenye wilaya ambayo watu wanapanga foleni ya maji. Hakuna klabu inayoweza kubeba mzigo huo. Na kuna jambo jingine ambalo walimu hatulisemi: kwenye shule nyingi kumwagilia miti ni adhabu ya wachelewaji. Huwezi kumwadhibu mtoto kwa ndoo Jumatatu, halafu Ijumaa ukamwita aje abebe ndoo hiyo hiyo kwa mapenzi.

Safari ya hifadhini nayo ina kasoro yake hata pale hela inapotimia. Ni siku moja. Kabla yake watu wanasubiri, baada yake wanasimulia wiki mbili, kisha basi. Kinachomrudisha kijana kwenye klabu wiki hadi wiki ni vitu viwili: kuna kitu kinachobadilika kati ya mkutano na mkutano, na yeye asipokuja kunabaki pengo kwenye daftari lenye jina lake. Kwa hiyo tafuta mradi mdogo, wa karibu, unaojirudia.

Omba kwa mkuu wa shule, au kwa serikali ya kijiji kama eneo si la shule, vipande viwili vya pori vya mita 20 kwa 20, visivyozidi dakika tano kwa miguu. Vifanane: vyote viwe na visiki na vichaka, vyote vipitiwe na mbuzi. Kimoja mtakihudumia, kingine mtakiacha kama kilivyo. Pigeni vigingi kwenye pembe na mvipe majina. Kila kitakachofanyika mwaka mzima kitafanyika hapo.

Kwa kuwa mnafungua Julai, katikati ya kiangazi, anza na maji. Weka beseni la udongo au la plastiki lenye upana wa sentimita 40 hadi 50, juu ya kisiki au mawe, kiasi cha kiuno cha mtu. Maji yasizidi kina cha sentimita tano. Ndege wadogo huogopa kina, na wakiingia kwenye beseni refu hufa humo. Ndani panga mawe mawili matatu ya kukanyagia, maana plastiki huteleza. Liweke mita mbili au tatu kutoka kichaka: pawe karibu kiasi cha ndege kukimbilia akishtuka, pawe mbali kiasi cha paka kushindwa kuruka kutoka mafichoni. Toboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu kwa sindano, ijaze, itundike juu chini juu ya beseni idondoshe tone tone. Isipodondosha, toboa tundu jingine kwenye kitako ili hewa iingie. Mlio wa tone huita ndege kuliko maji yaliyotulia. Yote hayo ni lita tatu kwa siku. Dumu moja hutosha karibu wiki. Badilisheni maji kila baada ya siku mbili na msugue kwa brashi bila sabuni. Mbu huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo maji yanayobadilishwa hayamzalishi. Beseni likisahauliwa siku kumi, mmefuga mbu shuleni na mkuu wa shule atakuwa na haki ya kulitupa. Siku tatu nne za kwanza huenda asije ndege yeyote. Wavumilie.

Mita kadhaa kutoka hapo tengenezeni uwanja wa nyayo. Hii ndiyo kazi inayowanasa vijana kuliko zote, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Tafuteni njia nyembamba ambayo wanyama hupita, mara nyingi upenyo kwenye uzio wa miiba au ukingo wa korongo. Fagieni mita moja kwa moja, mlainishe udongo hadi kina cha sentimita tatu, kisha mwage juu mchanga uliopita kwenye chekecheke. Nyunyizeni maji kidogo kwa mkono, usawazisheni kwa ubao. Kupima kama uko tayari, gandamiza ncha ya kidole: ukiona mistari ya ngozi imechapika, umeiva. Ukishikamana kidoleni una maji mengi. Kingo zikibomoka ni mkavu. Ufanyike saa kumi na moja jioni, usomwe asubuhi kabla ya saa moja na nusu, wakati jua liko chini na linatupa kivuli cha pembeni ndani ya kila alama. Saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, alama ile ile huioni.

Msomaji apige magoti upande ulio kinyume na jua, na asiseme jina la mnyama kwanza. Ahesabu vidole. Aangalie kama kucha zimechapa. Apime urefu kwa rula bila kucha, kisha na kucha. Achore kwa ukubwa halisi. Hapo ndipo abishane na wenzake. Vidole vinne bila kucha, duara, urefu wa sentimita tatu hivi: huyo ni wa jamii ya paka, au kanu, ambaye huchanganywa sana na paka. Vidole vinne na kucha zinaonekana, sentimita tano hadi saba: karibu kila mara ni mbwa wa kijijini, na ubishi kwamba ni bweha utaendelea hadi mwisho wa muhula, bweha ni mdogo zaidi na mwembamba, na hutembea akinyoosha mstari wakati mbwa hupitapita. Fisi huacha alama ya sentimita tisa hadi kumi na moja, na sehemu ya nyuma ya unyayo imelala upande. Vidole vitano vyenye kucha ndefu, nyayo ndogo nyingi kwa pamoja, ni nguchiro. Ukiona unyayo mzito kama wa mtoto mdogo na pembeni mikwaruzo kama ya ufagio, huyo ni nungunungu na miiba yake inaburuta.

Alama nzuri inahifadhika. Mafundi wa dari wanauza unga wa jipsamu kwa kilo, na jasi yenyewe huchimbwa jirani tu, Itigi. Zungushieni alama pete ya kopo lililokatwa vitako, korogeni vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji upesi, mimineni kwenye kijiko kwanza ili isiangukie alama kwa kishindo. Unga ukianza kuganda kwenye kikombe msiongeze maji. Mwageni, koroga upya. Baada ya nusu saa inueni pamoja na udongo wake, mtausafisha kesho yake kwa mswaki wa zamani. Andikeni nyuma tarehe, mahali na jina la aliyeipata. Jina hilo lina nguvu kuliko cheti.

Kuhesabu ndege kunakuja wa tatu, na hapa kosa la kawaida ni kuanza na orodha ya ndege 80. Anza na 12 ambao mtoto yeyote wa Chamwino anawajua kwa sura: kunguru, njiwa, kanga, kwale, hondohondo, mwewe, mnana, kwezi, keremkerem, mbayuwayu, bundi, na kwelea kwelea. Wengine wote waingie kwenye safu ya "hatujui" pamoja na maelezo. Simameni sehemu moja, ile ile kila wiki, dakika 10 mkitazama saa. Wawili wanatazama, mmoja anaandika, mmoja anashika muda. Kwa kila aina mnaandika idadi kubwa zaidi iliyoonekana kwa mpigo mmoja, si jumla ya kila aliyepita. Hondohondo mmoja akipita mara sita ni mmoja. Bila kanuni hii daftari litakuonyesha hondohondo 40 mahali wanapoishi wanne. Wanaopita juu bila kutua wanaandikwa pembeni. Na siku ambayo hamkuona kitu, iandikwe sifuri, pamoja na tarehe na hali ya hewa. Vijana huona aibu kuandika sifuri, wakajaza namba ya wiki iliyopita. Waambie mapema kwamba hakuna maksi za wingi.

Majina yatawagonganisha. Kiswahili cha ndege hakijatulia. Ndege mmoja ana majina matatu, na jina moja lina ndege watano. Wekeni safu ya jina la Kigogo, au la Kirangi na Kisandawe kwa wanaotoka huko, na kazi ya kulitafuta iwe ya kumuuliza babu au bibi. Mzee aliyechunga ng'ombe utotoni atamtaja ndege kwa mlio wake tu na atakwambia hukaa wapi. Hapo hapo umemwingiza mzazi kwenye klabu bila kuitisha kikao.

Kuna ndege wawili ningependa wawatambue mapema, kwa sababu watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kuwaona, nao wako hapo nyuma ya choo cha shule. Mmoja ni kwezi wa kijivu, mwenye mkia mrefu na jicho jeupe, asiye na ule mng'ao wa kwezi wengine. Makazi yake karibu yote yako Tanzania. Mwingine ni yule kasuku mdogo wa kijani mwenye kola ya njano, kichwa cha kahawia iliyokolea na pete nyeupe kuzunguka jicho. Asili yake ni Tanzania, na hupenda kutaga kwenye mashimo ya mibuyu. Mwambie kijana anayesema "kwetu hakuna kitu" ahesabu mashimo ya mbuyu mmoja jioni moja.

Daftari liwe kaunta buku moja kubwa, likae shuleni, na wewe usiandike humo hata neno. Mlezi akishika kalamu, wanafunzi wanakuwa watazamaji. Kama una simu janja, mwisho wa mwezi mnaweza kuingiza hesabu zenu eBird na picha za nyayo iNaturalist, tovuti za kumbukumbu za ndege na za viumbe wengine; zote ni bure, tumia akaunti yako, wala si ya mtoto. iNaturalist yenyewe huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, kinga nzuri dhidi ya majangili tusiowajua. Darubini subirini. Mkipata fedha baadaye, nunueni mbili zilizoandikwa 8x42. Zile zenye 20x na zaidi zinazouzwa barabarani hutetemesha picha mkononi na kumkatisha tamaa anayeanza.

Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, shughulikeni na ile miti. Msipande. Kwenye kile kipande cha kuhudumiwa tafuteni visiki vilivyo hai, vya migunga na vingine vinavyochipua kila mwaka na kuliwa na mbuzi kila mwaka. Hii ndiyo njia ya kisiki hai, ambayo Dodoma inaijua vizuri kwa sasa. Kwenye kila kisiki chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, mengine yakateni karibu na shina kwa panga kali au msumeno, mkikata kutoka chini kwenda juu ili ganda lisichanike. Pogoeni matawi ya pembeni ya nusu ya chini ya urefu. Mkipita nusu, chipukizi linakosa majani ya kujilisha na kuangushwa na upepo. Fungeni kitambaa cha rangi, ili mchungaji na mkata kuni wajue kina mwenyewe. Miiba mliyokata izungushieni kama boma. Hakuna maji ya kubeba. Mzizi uko chini tayari, umechimba miaka mingi, na mvua moja tu ikinyesha chipukizi linakimbia. Mwisho wa msimu linaweza kufika kiunoni au zaidi. Wazee wa Kondoa wanajua pori linavyorudi likipumzishwa: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka, majani na vichaka vikarejea kwenye ardhi iliyokuwa imebaki mifupa. Wanajua pia uchungu wa kuhamishiwa mifugo, kwa hiyo msitumie mfano huo kuwahubiria wafugaji. Zungumzeni na wachungaji kwanza. Visiki 30 vinatosha kwa vijana tisa.

Hapo sasa vipande viwili vinaanza kutofautiana, na hesabu zenu za ndege na nyayo zinapata swali: je, wanarudi zaidi kwenye kilichohudumiwa? Mwaka wa kwanza tofauti inaweza kuwa ndogo sana. Waambie hivyo tangu mwanzo, wasije wakahisi wamedanganywa. Oktoba na Novemba, hata hivyo, daftari litachangamka lenyewe, kwa kuwa mbayuwayu na korongo weupe wanaingia kutoka Ulaya. Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku ya dunia ya ndege wanaohama; kama mtaadhimisha siku moja kwa mwaka, iwe hiyo badala ya ile ya ndoo. Desemba shule imefungwa na ndipo mvua inaanza, hilo halikwepeki. Wape daftari wawili wanaoishi karibu, na mkubali wiki mbili tatu tupu.

Wale watatu wa manati ndio wataalamu wako, Mwalimu. Wanajua kiota kiko wapi, kanga analala wapi, ndege gani huruka akiona kivuli. Huo ujuzi haupo kwenye kitabu chochote cha kidato cha pili. Ni kweli Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, nao wanapaswa kuijua, lakini ukianza na sheria utapata watoto wanaoficha manati. Wape uongozi wa kutafuta viota, kwa sharti kwamba aliyemo kwenye daftari hapigwi, na kiota kinatazamwa kutoka hatua kumi, hakiguswi. Kuhusu kwelea kwelea usiwadanganye. Ni balaa la njaa kwa mkulima wa mtama na uwele, na Kondoa watu humtega kwa kitoweo. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakipiga hesabu ya kundi la milioni moja watapata tani 10. Klabu inayokiri hivyo huaminika kuliko inayosema kila ndege ni rafiki.

Na wazazi wana hoja. Tembo aliyemaliza shamba usiku mmoja si somo la baiolojia. Msiwajibu kwa hotuba ya utalii, wajibuni kwa kazi. Klabu inaweza kuwa na kurasa za tembo kwenye kaunta buku: tarehe, saa, shamba upande gani, zao gani, wangapi walionekana, walielekea wapi. Yote kwa kuwauliza watu mchana, siku inayofuata. Mzazi anayefuatilia kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, anatakiwa kutoa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji ili ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na wengi hukwama kwa kutokuwa na tarehe wala kumbukumbu. Kumbukumbu za wanafunzi hazichukui nafasi ya tathmini ya maafisa, wala kifuta jasho hakilipi hasara yote, lakini mzazi akiona daftari la mwanawe limemsaidia, hatauliza tena Jumamosi mnafanya nini. Mwanafunzi asitumwe kufuata tembo, kupiga picha tembo wala kusindikiza wanaofukuza tembo. Hata mchana. Hata kwa mbali.

Watakushauri pia mizinga ya nyuki. Nyuki ni mradi mzuri, Manyoni wanaishi nao, ila si wa mwaka wa kwanza na si karibu na madarasa. Nyuki wetu wakikasirika hukimbiza watu mbali sana. Kama mnawataka kweli, ulizeni wataalamu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) au afisa nyuki wa wilaya kuhusu nyuki wadogo wasiouma.

Safari iwe mwaka wa pili, na si Ruaha. Hombolo iko karibu, na bwawani kuna ndege wa majini ambao orodha yenu haitakuwa nao. Wasiingie majini, kichocho kipo. Ningechagua zaidi Kolo, kwenye barabara kuu ya kwenda Babati, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wanafunzi waende na daftari lao, waorodheshe wanyama waliochorwa, kisha wajiulize ni wangapi bado wapo kwenye kurasa zao. Mtu mzima mmoja kwa kila wanafunzi kumi, na barua ya ruhusa ya kila mzazi. Mkijiandikisha na Malihai Clubs of Tanzania, klabu za uhifadhi zilizopo tangu mwaka 1980, au na Roots & Shoots, mpango wa vijana wa mazingira ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1991, mtapata miongozo na wenzenu wa kubadilishana nao hesabu. Fedha msizitegemee sana.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, unahitaji mtu mwenye mamlaka afike. Mzoga wowote, hasa wa ng'ombe au mnyamapori aliyekufa ghafla, usiguswe, kimeta hakina mzaha. Mpigie afisa mifugo. Mkikuta tai wamekufa kuzunguka mzoga, kuna sumu hapo: watoto warudi nyuma na afisa wanyamapori aitwe siku hiyo hiyo. Aliyeng'atwa na mbwa, bweha, nguchiro au popo, hata kama jeraha ni la mkwaruzo, aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nyoka wa kumwogopa zaidi kwenye kazi hii ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Hulala kimya njiani akitegemea rangi yake. Viatu vilivyofunika mguu, fimbo ya kugonga mbele, na mkono usiingie kwenye shimo lolote. Aliyeumwa atulizwe, mguu ufungwe kwenye ubao usitikisike, avuliwe viatu na bangili, apelekwe hospitali haraka. Asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi linalosemwa hunyonya sumu libaki nyumbani.

Umeuliza pia kuhusu kobe. Hapana, si sawa, na bustani ya wanyama ya shule isianze hivyo. Kobe wa porini ni mnyamapori kisheria, kumfuga kunahitaji kibali, na bandani kwa majani ya kabeji na sima hujikalia tu hadi gamba linaharibika. Muulize aliyemleta alimwokota wapi hasa. Akikumbuka mahali, mrudisheni pale pale asubuhi, chini ya kichaka chenye kivuli, si porini kokote, maana kobe anajua maji na mashimo ya eneo lake tu. Kabla ya kumwachia mpimeni urefu wa gamba kwa kamba na rula, mpigeni picha ya mgongo, maana michoro ya gamba hutofautiana kobe kwa kobe, na mumwandike ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. Kama mahali hapajulikani, au ana jeraha, asiachiwe. Mpigie afisa wanyamapori wa wilaya aje amwone.